Tarehe Zinazomtetea Lumumba

Mtaa ambako TANU ilizaliwa jijini Dar es Salaam mwaka 1954 unaitwa Lumumba leo, na jina hilo limo vinywani mwa watu kila siku. Lakini heshima ya kibao cha mtaa haijibu shutuma, na shutuma inayomwandama Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, bado ina wafuasi: kwamba mdomo uliponza kichwa. Husemwa kuwa kama angenyamaza katika sherehe ya uhuru tarehe 30 Juni 1960 mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Kongo isingeingia katika machafuko. Ni kweli hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji. Ni kweli pia kwamba mfalme alikuwa ametoka kumsifu Leopold II, yule ambaye chini ya utawala wake Wakongo walikatwa mikono kwa sababu ya mpira. Lumumba alisimama akataja kazi za shuruti, matusi na ardhi iliyoporwa, mambo ambayo kila Mkongo ukumbini aliyajua. Mchana wa siku hiyohiyo, katika karamu, alisimama tena na kuzungumza kwa upole, akaishukuru Ubelgiji. Wanaomshutumu hawaitaji kabisa hotuba hii ya pili.

Tuzifuate tarehe. Maasi ya askari hayakuzuka Juni 30 wala Julai mosi. Yalizuka Julai 5, siku ambayo Jenerali Émile Janssens, kamanda Mbelgiji wa Force Publique, jeshi la Kongo, aliwakusanya askari wake Leopoldville na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Jeshi lile lilikuwa na askari wapatao 25,000, na ndani yake hakukuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Askari aliyetumikia miaka 20 aliambiwa waziwazi kuwa uhuru huu haumhusu. Usiku haukupita kabla kambi ya Thysville haijaasi. Tena askari hao walimnung'unikia Lumumba mwenyewe, wakiona wanasiasa wamepata vyeo na magari huku wao wakiachwa palepale. Ingekuwa ni hotuba yake iliyowachochea, wasingemgeukia yeye. Alichofanya ni kumwondoa Janssens, kuwapandisha wote cheo kimoja na kumpa Mkongo, Victor Lundula, amri ya jeshi. Hatua hizo zilianza kutuliza baadhi ya kambi.

Kilichofuata hakikutoka kinywani mwake pia. Julai 10 majeshi ya Ubelgiji yaliingia mitaani bila idhini ya serikali ya Kongo, na kesho yake Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza kujitenga kwa jimbo hilo la shaba na la kampuni ya madini ya Union Minière. Siku 11 tu tangu uhuru, nchi ilikuwa imekatwa sehemu yenye utajiri mkubwa kuliko zote, na Wabelgiji ndio walioilinda sehemu hiyo. Wanaomwita Lumumba mkomunisti wana haki ya kuulizwa: alikimbilia wapi kwanza? Julai 12 yeye na Rais Kasavubu waliuandikia Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa mwezi alikwenda Washington. Msaada wa kijeshi wa Moscow aliuomba baadaye, mwezi wa Agosti, alipokwisha kuona kwamba Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld hatatumia askari wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Katanga. Mtu aliyebisha hodi milango miwili ikafungwa, akaenda wa tatu, hawezi kusemwa kuwa wa tatu ndio aliouchagua tangu mwanzo.

Lipo shtaka moja ambalo tarehe hazimwondolei. Mwishoni mwa Agosti jeshi lake, lililotumwa kuzima kujitenga kwa Kasai Kusini, liliua raia wa Kiluba huko Bakwanga. Haitoshi kusema hakuwapo, wala kwamba hakuagiza mauaji. Alilipeleka jeshi lisilo na nidhamu wala chakula cha kutosha, na yeye ndiye aliyekuwa waziri mkuu. Anayemtetea kwa kuificha Bakwanga anawadhulumu waliokufa, na anawapa wapinzani wake silaha bure. Ila kosa hilo ni la Agosti. Haliwezi kurudishwa nyuma likawa chanzo cha yaliyotokea Julai.

Septemba aliondolewa madarakani, na Januari 17, 1961 akapigwa risasi karibu na Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Miaka 40 baadaye, tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kuwa baadhi ya mawaziri wa nchi hiyo walikuwa na dhamana ya kimaadili katika kifo hicho. Na Katanga je? Umoja wa Mataifa uliishia kuirudisha kwa nguvu za kijeshi. Mnamo Januari 1963 Tshombe alisalimu amri, na askari wa Umoja huo wakaingia Kolwezi. Walifanya kazi ileile aliyowaomba Lumumba mwaka 1960, naye alikuwa na miaka miwili tangu auawe.