Nywele Nyeupe za Zélie na Miungu Iliyowindwa Brazili

Mamake Zélie aliuawa kwa mnyororo shingoni, akaachwa ananing'inia mtini, pale Mfalme Saran alipoamuru kila mwenye nguvu za miungu auawe. Binti alisalimika kwa sababu moja tu: nguvu hizo hurithiwa katika damu lakini hazijitokezi mpaka mtoto atimize miaka 13. Akabaki na nywele nyeupe ambazo kila askari anazitambua, na kodi isiyokoma kupanda. Anayeshindwa kulipa hupelekwa shokoa.

Hiyo ni Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi, Mmarekani wa asili ya Nigeria, iliyotoka Machi 2018. Kisa cha watu kuwindwa kwa walichozaliwa nacho si kipya. Mwaka 1940 A. E. van Vogt alikiandika katika Slan, na 1963 kikaingia kwenye vibonzo vya X-Men. Octavia Butler ndiye aliyekileta Afrika mwaka 1980. Katika riwaya yake Wild Seed, Doro, kiumbe asiyekufa, anarudi kwenye kijiji alichokilea kwa vizazi ili kikuze watu wenye vipaji, anakuta wafanyabiashara ya utumwa wamekwishakiteketeza. Kwangu mimi, hakuna aliyeandika ukurasa mzito kuliko huo katika jadi hii.

Adeyemi amesimulia kwamba wazo lake lilizaliwa Salvador, Brazili, alipoona dukani picha za orisha, miungu ya Wayoruba. Hapo ndipo msomaji anapaswa kutua. Oya, mungu wa kike anayempa Zélie nguvu, alivuka Atlantiki pamoja na Wayoruba waliouzwa utumwani. Brazili ilikomesha utumwa mwaka 1888; miaka miwili tu baadaye, sheria mpya ya jinai ikaharamisha uganga na uchawi. Polisi wakavamia nyumba za ibada za Candomblé, dini inayoabudu orisha hao, wakabeba ngoma, mavazi na sanamu kama vielelezo vya uhalifu. Huko Bahia, waumini waliendelea kuhitaji kibali cha polisi ili wafanye ibada hadi mwaka 1976.

Basi anayedhani Saran ametungwa tu amekosea. Vitu vitakatifu vilivyonyakuliwa Rio de Janeiro vilikaa mikononi mwa polisi kwa miongo mingi, vikiitwa mkusanyo wa uchawi mweusi. Vilihamishiwa Makumbusho ya Jamhuri mwaka 2020, baada ya waumini wenyewe kuvidai.