Swali la Dondoo Lilitoka Wapi? Historia Fupi ya Maswali ya Fasihi na Uteuzi Wake

Hakuna mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya asiyelijua swali hili: "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)." Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu naye hujua jibu litakavyopangwa kabla hata ya kulisoma dondoo lenyewe: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Hoja nne, alama nne. Makala haya yanachunguza swali hili lilikotoka, lilikusudiwa kupima nini na iwapo bado linakipima. Mwalimu anayeketi kutunga mtihani wa muhula huteua aina ya maswali, na aghalabu huteua kwa mazoea.

Mitihani ya shule za sekondari katika Afrika Mashariki ilisimamiwa kwa miaka mingi na bodi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyoasisiwa mwaka 1858. Katika karatasi zake za fasihi ya Kiingereza, hasa palipotahiniwa tamthilia za Shakespeare, mtahiniwa alipewa mistari michache na kuulizwa ni nani anayesema, anamwambia nani na katika hali gani. Shabaha ilikuwa wazi. Mtahini alitaka kuhakikisha kwamba mtahiniwa amekisoma kitabu chenyewe, si kusimuliwa tu. Kisha likafuata swali la insha, ambalo lilidai hoja ndefu na mawazo ya mtahiniwa mwenyewe. Maswali haya mawili yalitegemeana: la kwanza lilithibitisha usomaji, la pili likapima fikra.

Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1967, na baadaye Baraza la Mitihani la Kenya mwaka 1980, usimamizi ulibadilika lakini sura ya maswali haikubadilika sana. Badiliko kubwa lilikuwa la idadi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na KCSE ya kwanza ikafanywa mwaka 1989. Somo lililokuwa la wachache likawa la kila mtahiniwa. Kufikia mwaka 2024, watahiniwa wa KCSE walikuwa zaidi ya 900,000. Hebu mwalimu awaze: maelfu kwa maelfu ya majibu ya insha kuhusu maudhui ya riwaya moja, yasahihishwe na watu wengi kwa majuma machache, na wote watoe alama zinazolingana!

Tatizo la usahihishaji halikuanzia kwetu. Mwaka 1912, Daniel Starch na Edward Elliott wa Marekani waliwapa walimu wengi wa shule za upili nakala za majibu yale yale ya mtihani wa Kiingereza wayasahihishe. Alama walizotoa zilitofautiana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Matokeo kama haya ndiyo yaliyolipa nguvu swali la kuchagua jibu, ambalo Frederick Kelly wa Kansas alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitumia katika mtihani wa kusoma, takriban mwaka 1915. Swali hilo lilifika kwetu likatawala karatasi ya lugha ya KCPE hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023.

Karatasi ya Fasihi, yaani 102/3, haikufuata njia hiyo, na ni heri. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hofu ile ile ya alama kutolingana iliingia kwa mlango mwingine. Insha ya alama 20 ikageuzwa kuwa orodha: hoja zozote 10, kila hoja alama 2. Mtahiniwa anayejenga hoja moja kwa kina, akailinganisha na nyingine na kutilia shaka msimulizi, hana faida juu ya yule aliyeorodhesha hoja kumi za sentensi mbili mbili.

Swali la dondoo nalo lilipatwa na jambo ambalo waasisi wake hawakulitarajia kwa kiwango hiki, yaani miongozo. Siku hizi kila kitabu teule hufuatwa na miongozo kadhaa, na ndani yake mna madondoo yaliyokwisha kujibiwa. Mwanafunzi anaweza kupata alama nne zote za muktadha bila kuifungua riwaya. Swali lililobuniwa ili kuthibitisha usomaji sasa linaweza kumtuza asiyesoma. Ndiyo maana hushangai kumkuta mtahiniwa anayetaja "maudhui ya utabaka" kwa ufasaha huku akishindwa kusema mhusika mkuu alikasirishwa na nini.

Tazama wenzetu wa Kiingereza, wanaotahiniwa na Baraza lile lile. Katika karatasi yao ya pili, 101/2, dondoo la kitabu teule huchapishwa kwa urefu, na maswali yake huwa na alama 25. Mwanafunzi huulizwa kilichotangulia na kinachofuata, ndiyo, lakini maswali mengi humrudisha kwenye maneno yaliyo mbele yake. Dondoo letu aghalabu huwa sentensi moja au mbili. Sentensi moja haina mengi ya kuchunguzwa, kwa hivyo swali hulazimika kuondoka kwenye maandishi na kuingia kwenye kumbukumbu.

Sehemu ya Ushairi ndiyo iliyosalimika zaidi, kwa sababu shairi huchapishwa kwenye karatasi na mtahiniwa hakulitarajia. Hata humo yapo mazoea: bahari, vina, mizani, uhuru wa mshairi, vyote hukaririwa kama sala. Lakini lipo swali moja ambalo ningependa walimu walithamini kuliko wanavyolithamini sasa: "Andika ubeti wa tatu katika lugha ya nathari (alama 4)." Wengi wetu huliona kama swali la kujazia alama. Kumbe ni gumu kulijibu kwa kukariri. Aliyeuelewa ubeti ataonekana, na asiyeuelewa atanakili maneno ya mshairi na kuyapanga upya.

Basi mwalimu afanyeje? Mtihani wa kitaifa hatuutungi sisi madarasani, na si haki kumnyima mwanafunzi mazoezi ya umbo atakalokutana nalo. Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, nao wanahitaji kulijua swali la muktadha. Lakini mitihani ya muhula ni yetu, ila kama tumezoea kuinunua ikiwa na majibu yake. Kwa majaribio ya wiki, maswali kumi ya kuchagua jibu kuhusu sura moja yanatosha kuonyesha nani amesoma, na husahihishwa kwa dakika chache. Tukishajua hilo, swali la dondoo huwa huru kufanya kazi nyingine. Chapisha nusu ukurasa wa riwaya badala ya sentensi moja. Mahali pa "Eleza sifa sita za mhusika huyu," uliza: "Msimulizi anataka tumhurumie mhusika huyu. Kwa kurejelea maneno matatu katika kifungu hiki, onyesha anavyofanya hivyo (alama 6)." Mwongozo wa duka hauna jibu hilo.

Usahihishaji wake ni mgumu zaidi, sikatai. Njia inayofaa ni kutenga alama 1 kwa neno lililoteuliwa na alama 1 kwa maelezo ya athari yake, kisha walimu wawili wasahihishe karatasi tano zile zile, kila mmoja peke yake, kabla ya kugawana zilizosalia. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama moja, wakae chini waurekebishe mwongozo wao wa kusahihisha kwanza.