Kikasha Chini ya Mbuyu

Julai 2014 nilizuiwa na soja nikiwa nimepiga magoti kwenye shina la mbuyu, kando ya barabara ya hoteli kule Diani. Mkononi nina simu, kwenye simu kuna nambari za latitudo na longitudo. Mgeni Mjerumani niliyempeleka pale kwa tuktuk kutoka Ukunda alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa shina lilelile. Yeye aliambiwa "Jambo." Mimi niliambiwa, "Wewe kijana, unaficha nini hapo?"

Sikuwa naficha, nilikuwa natafuta. Lakini nenda kamweleze mtu hayo miezi kumi baada ya Westgate, mwezi mmoja baada ya Mpeketoni.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kikasha chenye kidaftari na vikorokoro, anatangaza mtandaoni kiko wapi, nawe unakifuata kwa GPS. Ukikipata unaandika jina lako, unakirudisha palepale. (Sisi tuna neno kasha tangu zama za majahazi, kwa hiyo mie nauita kusaka vikasha, basi.) Ulizaliwa Mei 2000. Kabla ya hapo Marekani ilikuwa ikiiharibu makusudi ishara ya GPS inayowafikia raia, kifaa kikaweza kukupoteza kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton akaamuru hilo likome. Mei 3, Dave Ulmer akaacha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, ndani yake mna vitu kadhaa, hata mkebe wa maharagwe, akatangaza nambari zake kwenye intaneti. Siku chache tu, ndoo imepatikana.

Vyombo vya habari viliupokea mchezo kwa tabasamu. Oktoba mwaka uohuo The New York Times lilishauandika, na tangu hapo makala nyingi zimeshonwa kwa kitambaa kimoja: hazina, setilaiti, baba na wanawe porini Jumamosi. Halafu ikaja Septemba 2001, na kikasha kikapata habari ya aina ya pili. Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akiweka kiboksi barabarani. Polisi wakaitwa, mtaa ukafungwa, wanajeshi wakakilipua. Kilikuwa kikasha cha mchezo. Magazeti yakaeleza mchezo ni nini, wasomaji wakacheka, yakaisha.

Hapo kwenye "yakaisha" ndipo mie hukwama. Kwetu habari za vitu vilivyofichwa zilikuwa zimeshaandikwa kabla ndoo ya Ulmer haijafika msituni, na haziishi hivyo.

Usiku wa Agosti 13, 1997, mwaka wa uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Wavamizi walikuwa vijana waliokula kiapo na kufanya mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo, hapahapa Kwale. Ghasia zikashuka hadi Ukunda, watu wa bara wakawindwa. Waliokufa walipita 100 na waliohama ni maelfu kwa maelfu. Kisha ukaja msako, na Wadigo wengi wakakamatwa ovyo. Mamangu husimulia kuwa miezi ile kijana hakuthubutu kutoka kichakani hata na tita la kuni. Kwenye magazeti neno kaya lilikuwa limeshageuka. Kwa msomaji wa Nairobi halikuwa tena kijiji cha mababu, lilikuwa maficho.

Na ajabu ni kwamba kaya kweli zina vitu vilivyofichwa. Fingo, kinga ya kaya, huzikwa ardhini, na mahali pake hapatangazwi popote. Nambari zake zimo vichwani mwa wazee. Ukienda Kaya Kinondo, mwendo mfupi kusini mwa Diani, utafungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuambiwa usichukue kitu, hata jani. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, kuwa urithi wa dunia, na neno lilelile likahamia kurasa za utalii, na picha ya mzungu aliyekumbatia mti.

Kwa hiyo nilipopiga magoti pale mbuyuni, soja hakuwa na makala ya hazina kichwani. Alikuwa na taarifa ya saa moja. Simlaumu, naye ana watoto. Mjerumani alikuwa amekuja na makala yake tayari. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nikishika simu kama yake nami nitasomwa kama yeye.

Sheria za mchezo zinasema uombe ruhusa ya mwenye ardhi kabla ya kuficha, na usichimbe. Nilimweleza soja hivyo. Akauliza, "Na mwenye kutafuta, anaomba kwa nani?" Sikuwa na jibu. Mjerumani akacheka, akadhani tunataniana.

Kikasha hatukukiona siku ile. Nilimwonyesha soja ramani ya setilaiti kwenye simu: mbuyu, ukuta, paa la kibanda chake. Alitazama kitambo, rungu amelibana kwapani. Kisha akasogea karibu zaidi.

"Hebu peleka mpaka Lungalunga," akasema. "Kuna nyumba ya mabati mekundu, nyuma ya shule."