Nyuma Haoni

Pale steji ya Mlolongo, matatu ikirudi nyuma, bosi si dereva tena. Konda anapiga bodi kofi: "Rudi, rudi, rudi... hapo!" Dereva anatii, maana nyuma haoni.

Nilizoea kuona hivyo tangu utotoni, ila nilipofika wodini nikasahau. Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, mafunzoni katika hospitali ambayo sitaitaja. Mgonjwa mmoja moyo ulisimama. Tulikuwa watu saba hapo kitandani, wengine wakisema kwa pamoja. Mimi nilisimama kando ya mtungi wa oksijeni, nikaona mshale wa geji umelala kwenye sifuri. Nikanyamaza. Nilidhani daktari ameona. Sista wa zamu ndiye aliyegundua, dakika kadhaa baadaye. Mgonjwa alifariki. Pengine angefariki tu, lakini hiyo "pengine" ndiyo iliyonitoa chuoni.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu watu walionyamaza. Historia yao inaanzia kwenye ndege.

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Uhispania, ndege ya KLM ilianza kukimbia ipae katikati ya ukungu. Ile ya Pan Am ilikuwa bado kwenye njia hiyohiyo. Injinia wa KLM aliuliza kama wenzao wameshatoka. Rubani mkuu, mtu wa heshima kubwa, akajibu kwamba wametoka. Hakuna aliyembishia. Watu 583 walikufa. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha, na hapo yakaanza kukua mafunzo ya mdogo kusema na mkubwa kusikia.

Na sisi tuna msiba wetu: Douala, 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, watu 114. Wachunguzi walitaja marubani kukosa kushirikiana kuwa mojawapo ya sababu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, David Gaba wa Stanford na madaktari wenzake wa nusukaputi waliyaingiza mafunzo hayo hospitalini. Leo timu za kurudisha moyo hufanyia mazoezi mwanasesere. Kiongozi ni mmoja, naye husimama mahali anapowaona wote. Amri hupewa mtu kwa jina lake, si kurushwa hewani. Anayepokea huirudia: "Adrenalini, miligramu moja." Akimaliza husema: "Adrenalini miligramu moja, imeingia." Na yeyote, hata mwanafunzi, ana ruhusa ya kusema kuna kitu hakiko sawa.

Mazoezi ya aina hii si mchezo. Tanzania, wahudumu wa hospitali nane walifunzwa kwa mwanasesere jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47.

Jana jioni hapo steji, konda mmoja, kijana mdogo tu, alimfokea dereva wa rika la babake: "Simama!" Kulikuwa na mtoto nyuma ya gari. Mzee akakanyaga breki papo hapo. Hakuuliza kwa nini, wala hakukasirika.