Kombe Lililogawanywa: Tarehe ya Mashindano ya Vijana wa Asia

Katika watu walioyatoa mataifa ya Asia chini ya himaya ya wageni, wachache walikuwa na mapenzi na mpira wa miguu kama Tunku Abdul Rahman, Waziri Mkuu wa kwanza wa Malaya. Alikuwa mwana wa Sultani wa Kedah, aliyesoma Cambridge na kuhitimu sheria. Walakini kabla hajashika hatamu za serikali alikuwa amekwisha kuwa rais wa chama cha mpira cha nchi yake, tangu mwaka 1951, na mwaka 1958, ilhali uhuru wa Malaya haujatimiza miaka miwili, akachaguliwa kuliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu la Asia, lililoundwa Manila mwaka 1954, akakalia kiti hicho mpaka 1977. Mwaka 1959 aliyaalika mataifa ya bara lake yapeleke Kuala Lumpur vijana ambao bado hawajatimiza miaka ishirini, wakashindanie kombe lao wenyewe, mbali na kivuli cha wakubwa. Korea ya Kusini iliwashinda wenyeji mabao mawili kwa moja katika mchezo wa mwisho, na mwaka uliofuata, katika mji ule ule, ikawashinda tena kwa manne bila jibu.

Mwanzo huu ulikuwa wa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ulaya ilikuwa na mashindano ya vijana tangu 1948, na Amerika ya Kusini tangu 1954. Lakini Afrika yetu haikuwa nayo mpaka 1979, na ulimwengu mzima haukuwakusanya vijana wake mpaka 1977, walipokutana Tunisia. Kwa hiyo kwa muda wa miaka kumi na minane kijana wa Bangkok au wa Seoul aliyechukua kombe hili hakuwa na daraja nyingine ya kupanda katika rika lake. Alikwenda ugenini, akacheza, akajuana na vijana wenzake wa lugha nyingine na dini nyingine, kisha akarudi kwao. Mtu wa leo aliyezoea kuona kila mashindano ni mlango wa kuingilia mashindano mengine huenda akaliona jambo hilo kuwa ni upungufu, bali mimi naliona kuwa ndiyo iliyokuwa fadhila yake kubwa.

Dalili ya fadhila hiyo imo katika orodha ya mabingwa. Mashindano yalichezwa kila mwaka bila kukosa tangu 1959 hata 1978, yaani mara ishirini, na katika mara hizo ishirini, mara tisa kombe liligawanywa. Timu mbili zilifika mchezo wa mwisho, zikamaliza dakika zao zikiwa sawa, na zote mbili zikatangazwa kuwa mabingwa. Burma na Indonesia ndizo zilizofungua mlango huo Bangkok mwaka 1961, baada ya mchezo usio na bao. Mtu aweza kusema kwamba ilikuwa ni lazima, kwa kuwa mikwaju ya penalti ya kuamulia mshindi ilikuwa haijaingizwa katika sheria za mpira. Hoja hiyo ina nguvu mpaka mwaka 1970 tu, kwani mwaka huo sheria ya penalti ilipitishwa. Lakini vijana wa Asia waligawana kombe mara nne zaidi baada ya hapo, 1974, 1975, 1976 na 1978. Waliokuwa na njia ya kumpata mshindi mmoja, wasiitumie, hawakushurutishwa na mtu. Ile ilikuwa ni ada yao, na ada haidumu kwa watu wasioipenda.

Taifa lililoonja ushirika huo miaka mitatu mfululizo ni Iran. Mwaka 1973, katika mji wao wa Tehran, Wairani waliishinda Japani na kulitwaa kombe peke yao; kisha wakabaki mabingwa kwa miaka mitatu iliyofuata, na kila mwaka wakiwa na mshirika mwingine. Wa kwanza alikuwa India, mwaka 1974 mjini Bangkok, kwa sare ya mabao mawili kwa mawili, timu ya Wahindi ikiwa chini ya unahodha wa Shabbir Ali. Na taji hilo nusu ndilo taji pekee ambalo Bara Hindi imepata kulivaa katika mashindano haya mpaka hivi leo. Wa tatu alikuwa Korea ya Kaskazini, mwaka 1976. Katikati yao, mwaka 1975, katika nchi ya Kuwait, mshirika wa Iran alikuwa Iraq. Mwaka ule ule viongozi wa nchi hizi mbili walitia saini Algiers mkataba wa kumaliza ugomvi wa mipaka yao, na ugomvi ukatulia kwa muda. Miaka mitano baadaye, Septemba 1980, vita vikazuka baina yao, vikadumu miaka minane. Na vijana waliosimama pamoja Kuwait wakiwa mabingwa wa kombe moja walikuwa wakati huo wamefikia umri ule ambao majeshi huupenda kuliko mwingine wowote. Siwezi kuusoma mstari huo wa orodha, Iran na Iraq, sifuri kwa sifuri, bila ya kuwafikiri.

Siasa, kwa kweli, haikukaa mbali na kombe hili hata siku moja. Mwaka 1964 mashindano yalichezwa Saigon, ilhali nchi imekwisha kuingia vitani, na Burma na Israeli wakatoka huko na kombe la shirika. Israeli ilitwaa taji mara sita kati ya 1964 na 1972, mbili katika hizo pamoja na Burma. Lakini nchi za Magharibi ya Asia zilikuwa hazipo tayari kucheza nayo, na mwaka 1974 Shirikisho likaitoa katika safu zake. Baada ya hapo ghera ya mashindano ilihama kutoka mashariki ya bara kwenda magharibi, na Tehran, Baghdad na miji ya Ghuba ikaanza kutajwa mahali ambapo zamani zilitajwa Rangoon na Bangkok.

Rangoon! Msomaji kijana asiyeijua Burma ila kwa habari za misukosuko yake hataamini kwamba kati ya 1961 na 1970 nchi hiyo ilichukua kombe hili mara saba, tano kwa kushirikiana na wengine, yaani Indonesia, Korea ya Kusini, Thailand, na Israeli mara mbili, na mbili peke yake, mwaka 1968 na mwaka 1970. Mataji ya vijana hao hayakupotea bure hapo mwanzo. Timu ya wakubwa ilipata dhahabu katika Michezo ya Asia mwaka 1966, ikawa ya pili katika Kombe la Asia mwaka 1968, ikapata dhahabu tena mwaka 1970, hii nayo kwa kugawana na Korea ya Kusini, kisha ikashiriki Olimpiki za Munich mwaka 1972. Baada ya hapo mchezo wa Burma ulididimia, na jina lake halikuandikwa tena katika orodha ya mabingwa wa vijana. Jeshi lilikuwa limetwaa serikali mwaka 1962 na kuifungia nchi mbali na ulimwengu. Na akiulizwa mtu kwa nini basi ushindi uliendelea miaka minane baada ya hapo, jibu langu ni kwamba kijana aliyecheza mwaka 1970 alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na alijifunza kuupiga mpira katika nchi iliyokuwa bado wazi. Matunda ya amana iliyotunzwa huonekana muda mrefu baada ya mtunzaji kuondoka, na hasara ya amana iliyoachwa nayo huchelewa vivyo hivyo.

Mwaka 2014 mashindano yalipelekwa Burma, yaani Myanmar kwa jina lake jipya, na watu wa Yangon, ndiyo Rangoon ya zamani, wakaujaza uwanja wa Thuwunna. Katika robo fainali vijana wao waliwafunga Falme za Kiarabu bao moja kwa bila, na bao hilo likawapa nafasi ambayo nchi yao haikupata kuijua kabla, ya kushiriki fainali za dunia za vijana. Katika nusu fainali walipambana na Qatar mpaka katika dakika za nyongeza, wakashindwa tatu kwa mbili. Mwaka uliofuata, huko New Zealand, walitangulia kupata bao dhidi ya Marekani, lakini walipoteza michezo yao yote mitatu. Hata hivyo, mtu anayejua walikotoka hawezi kukiita kipindi hicho kushindwa.

Kuanzishwa kwa mashindano ya dunia mwaka 1977 kulibadili hulka ya kombe la Asia. Halikuwa tena mwisho wa safari, likawa kizingiti, na baada ya 1978 likaacha kuchezwa kila mwaka. Mwaka huo wa 1978, mjini Dhaka, Iraq na Korea ya Kusini ziligawana taji, na ushirika huo ndio uliokuwa wa mwisho; mwaka 1988 mjini Doha, Iraq na Syria zilipomaliza moja kwa moja, penalti zilipigwa na Iraq ikashinda tano kwa nne. Mabadiliko haya yalikuwa na faida zake, na ingekuwa dhuluma kuzificha. Qatar, nchi ambayo watu wake walikuwa hawajatimia laki tatu, ilipita katika mlango wa Asia ikenda Australia mwaka 1981, ikaifunga Brazili, ikaifunga Uingereza, ikafika fainali na kushindwa na Ujerumani ya Magharibi. Na Korea ya Kusini, chini ya mwalimu Park Jong-hwan, ilifika nusu fainali Mexico mwaka 1983.

Lakini kisa ninachokithamini kuliko vyote ni cha Jakarta, mwaka 1990. Korea ya Kusini na Korea ya Kaskazini zilikutana katika fainali, zikacheza bila ya kufungana, na Kusini ikashinda kwa penalti nne kwa tatu. Kwa kanuni, kila moja ilikuwa imepata nafasi yake ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 1991 nchini Ureno. Badala yake zilikubaliana kupeleka timu moja. Wachezaji walichaguliwa kutoka pande zote mbili, wakaingia uwanjani chini ya bendera nyeupe yenye ramani ya buluu ya rasi yote ya Korea, na wimbo wa Arirang, unaojulikana na Wakorea wote, ukapigwa mahali pa nyimbo mbili za serikali mbili. Waliifunga Argentina bao moja kwa bila, wakatoka sare na Ireland, wakafungwa na wenyeji, na hata hivyo wakavuka mpaka robo fainali, ambako Brazili iliwashinda tano kwa moja. Nafasi iliyoachwa wazi na Wakorea hao kwa kuungana iliiangukia Syria, nayo ikafika robo fainali, na mwaka 1994 vijana wa Syria wakalichukua kombe la Asia papo hapo Jakarta kwa kuwashinda Wajapani.

Wajapani hao walipoteza fainali sita, 1973, 1994, 1998, 2000, 2002 na 2006, kabla ya kushinda hata moja. Walioshindwa mwaka 1998 na Korea ya Kusini walikwenda Nigeria mwaka 1999 wakawa wa pili duniani. Taji lenyewe walilipata Bahrain mwaka 2016, kwa penalti dhidi ya Saudi Arabia, bila ya kufungwa bao hata moja tangu mwanzo wa mashindano hadi mwisho. Na katika kikosi hicho alikuwamo Ritsu Doan, ambaye bado Japani inamtegemea.

Wenzetu wa Ghuba wana sehemu yao katika habari hii. Wenye jamaa Muskati watauliza juu ya Oman, nami nitawajibu kwamba fahari yake imo katika rika la chini kidogo, la vijana wasiozidi miaka kumi na sita, ambalo taji lake la Asia ililitwaa mwaka 1996 na mwaka 2000. Katika rika hili la juu, Falme za Kiarabu zilishinda mwaka 2008 huko Dammam zikiwa na Ahmed Khalil, na mwalimu wao, Mahdi Ali, akapanda nao daraja kwa daraja mpaka wakawa wa tatu katika Kombe la Asia la wakubwa mwaka 2015. Qatar ilishinda mwaka 2014 Yangon, kwa bao la Akram Afif, kijana ambaye baba yake ni mzaliwa wa Tanzania. Ikapoteza michezo yake yote katika fainali za dunia zilizofuata. Na badala ya kuwatupa vijana hao, ikawaachia mwalimu wao, Félix Sánchez, awalee. Mwaka 2019 timu yake, ikiwa na Afif na Almoez Ali, ikawa bingwa wa Asia.

Mashindano ya 2020 yaliyokuwa yafanyike Uzbekistan yalifutwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na rika lile zima likaikosa zamu yake, jambo ambalo halina fidia, kwani ujana haungoji. Uzbekistan ilipewa kuyaandaa tena mwaka 2023, wakati ambapo umri ulipandishwa kutoka chini ya miaka 19 hadi chini ya miaka 20, na wenyeji wakashinda Tashkent kwa kuifunga Iraq moja kwa bila. Miaka miwili baadaye Australia ilifuata kwa kuishinda Saudi Arabia mjini Shenzhen. Wauzbeki walikuwa na Abbosbek Fayzullaev na Abduqodir Khusanov katika kikosi chao cha 2023. Mnamo Juni 2025, wote wawili wakiwa bado hawajatimiza miaka ishirini na miwili, nchi yao ilijipatia nafasi ya kwanza katika historia yake ya kucheza Kombe la Dunia.