Mke wa Mchimba Shaba na Kiswahili cha Katanga

Waandikao habari za kuenea kwa Kiswahili huko Katanga hutaja misafara, wamisionari na serikali ya Wabelgiji. Mimi naona ya kuwa mtu mmoja amesahauliwa, naye ni mke wa mchimba shaba.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Hapo kwanza vibarua wake wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Wabemba miongoni mwao, wakaja kwa mikataba ya miezi michache na kuwaacha wake zao nyumbani wakilima. Jambo hilo lilikuwa na maana yake: ujira ulikuwa haba, na shamba la mke ndilo lililowalisha watoto. Tena kwa Wabemba ukoo hufuata upande wa mama, na desturi ilimtaka mume awatumikie wakwe zake. Basi kumhamisha mke halikuwa shauri la watu wawili peke yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza njia. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, nyumba za mume na mke, na posho kwa mke na watoto pia. Sasa mke aliyehama hakupotewa na chakula, ingawa alipotewa na mamlaka yake juu ya ghala. (Hili halikuandikwa katika mkataba.)

Watoto wakazaliwa kambini, wazazi wao wakiwa wa makabila mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya wengi wao. Katika migodi ya Witwatersrand wanaume waliwekwa kambini pasipo wake zao; Kifanakalo kilisemwa na maelfu ya watu, lakini kilibaki lugha ya kazini.