Wakaguzi wa Mji wa New York

Mwezi wa Aprili 1870 mji wa New York ulipata katiba mpya, na pamoja nayo likaundwa baraza dogo la kukagua madai yote yaliyokuwa juu ya serikali ya wilaya. Wajumbe wake walikuwa watatu: Meya A. Oakey Hall, Richard Connolly, mdhibiti wa fedha, na William M. Tweed, kiongozi wa Tammany, jumuiya iliyoshika hatamu za siasa za mji. Baraza hilo lilikutana mara moja tu, tarehe 5 Mei. Katika kikao hicho kimoja kazi ya kukusanya hati aliachiwa James Watson, mkaguzi wa wilaya, na kwa idhini hiyo zaidi ya dola milioni 6 zikalipwa. Sehemu kubwa mno ya fedha hizo ilikuwa wizi mtupu. Habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba New York haikuwa na ukaguzi. Ilikuwa nao. Wakaguzi ndio waliokuwa wezi.

Njia yao haikuhitaji werevu mkubwa. Fundi aliyefanya kazi ya mji aliambiwa aandike ankara kubwa kuliko kazi yake. Akilipwa, hurudisha fungu kwa wakubwa, na fungu hilo lilizidi kukua hata likafika 65 katika kila 100. Jengo la mahakama nyuma ya City Hall, ambalo awali lilikisiwa kuwa la dola 250,000, lilimeza kiasi cha milioni 13. Mpiga lipu mmoja, Andrew Garvey, aliandikiwa dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili. Walakini kila malipo yalikuwa na hati, na kila hati ilikuwa na sahihi.

Ndiyo maana siku chache kabla ya uchaguzi wa Novemba 1870, matajiri sita, John Jacob Astor III akiwa kichwa chao, walipoalikwa kutazama vitabu vya Connolly walitoa cheti kwamba ni safi. Ilisemwa baadaye kwamba walitishwa kwa kodi za majumba yao. Yawezekana, lakini hata mtu asiyetishwa, akionyeshwa daftari peke yake, husoma kilichoandikwa humo tu.

Siri ilifichuliwa na makarani. Watson alikufa mwezi wa Januari 1871 katika ajali ya kigari cha theluji, na ofisi yake ikaingia watu wengine. Mmoja wao, Matthew O'Rourke, alinakili hesabu kimya kimya. Mwingine, William Copeland, alinakili kwa ajili ya James O'Brien, aliyekuwa sharifu wa mji, mtu aliyekasirika kwa kuwa madai yake mwenyewe hayakulipwa. Haki haichagui mjumbe wake. Nakala zilifika katika gazeti la New York Times, nalo likaanza kuzichapa Julai 1871: majina, tarehe na fedha, bila maneno mengi, hata kwa Kijerumani ili wahamiaji wasome. Jumla ya Garvey peke yake ilikuwa dola 2,870,464 na senti 6. Gazeti likazifanyia mzaha zile senti.

Mwezi wa Septemba hati za malipo ziliibwa katika ofisi ya mdhibiti. Wezi walidhani kwamba hati zikipotea ushahidi umekufa. Lakini mwanasheria Samuel Tilden alikwenda benki. Alilinganisha malipo ya mji na fedha zilizowekwa katika akaunti za mafundi na ya Tweed, na mafungu yale yakaonekana yakihama kutoka mkono hadi mkono. Ukaguzi wa kweli ulikuwa huo, nao ulifanywa nje ya ofisi iliyokaguliwa. Tweed alifia gerezani tarehe 12 Aprili 1878.

Mji ulijifunza nusu ya somo. Mwaka 1873 waliwekwa makamishna wa hesabu, lakini waliteuliwa na meya, na kwa miaka mingi hawakumsumbua mtu. Mwaka 1906 Henry Bruère, mtafiti aliyetumwa na raia, si na serikali, alilinganisha kazi zilizolipiwa na hali ya barabara zenyewe, akatoa kijitabu juu ya utawala wa Manhattan. John F. Ahearn, rais wa mtaa huo, alikasirika akataka uchunguzi ufanywe. Alipata alichotaka: John Purroy Mitchel aliushika uchunguzi huo kwa niaba ya makamishna, na katika Desemba 1907 Gavana Charles Evans Hughes akamwondoa Ahearn katika cheo. Mwaka huohuo jamaa ya Bruère iliandikishwa rasmi kuwa ofisi ya utafiti wa mambo ya miji.

Madiwani wa Manhattan walimchagua Ahearn tena mara moja. Hakuondoka kabisa mpaka mahakama ilipoamua mwaka 1909.